Kupanda na Kushuka Ngazi kwa Magongo

Mkazi aliyevunjika mguu, iwe kwa ajali ya pikipiki au kwa kuteleza, kwa kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani na magongo kabla mfupa haujaunga. Katika uwanja tambarare huzoea mapema. Hatari kubwa imo katika ngazi, kwani kuanguka hapo kunaweza kuusogeza mfupa ulioanza kuunga na kumlazimu kuanza matibabu upya.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: mguu mzima ndio unaokaa kwenye kidato cha juu. Wakati wa kupanda, ndio wenye nguvu ya kuuinua mwili. Wakati wa kushuka, ndio unaojikunja polepole na kuuteremsha mwili bila kishindo.

Kupanda
Mgonjwa asimame karibu na kidato cha kwanza, uzito wake ukiwa katika viganja. Magongo yabaki chini. Atangulize mguu mzima juu, aukaze, kisha afuatishe mguu ulioumia pamoja na magongo kwenye kidato hichohicho. Atulie kabla ya kuendelea.

Kushuka
Magongo yatangulie kwenye kidato cha chini, yakifuatwa na mguu ulioumia. Aliyekatazwa kuukanyagia mguu huo auelekeze mbele bila kuugusisha chini. Mguu mzima ushuke mwisho.

Penye kishikio imara, mgonjwa akishike kwa mkono mmoja na kutumia gongo moja kwa mkono mwingine. Gongo la pili libebwe na msaidizi. Msaidizi akae upande wa chini daima: nyuma ya mgonjwa anapopanda, mbele yake anaposhuka. Pasipo kishikio wala msaidizi, ni salama zaidi kuketi na kusogea kidato kwa kidato kwa makalio, mguu ulioumia ukiwa umenyooshwa mbele.

Maandalizi
Magongo ya kwapani yasiguse kwapa. Mgonjwa anaposimama wima, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na kiwiko kipinde kidogo anaposhika mpini. Anayeegemea kwapa hukandamiza mishipa ya fahamu, na mkono waweza kufa ganzi au kulegea.

Raba za ncha za magongo zikaguliwe mara kwa mara. Iliyolika hadi kuwa laini au kupasuka ibadilishwe. Kandambili zisivaliwe kwenye ngazi; kiatu kinachoshika kisigino ndicho kinachofaa. Kanga, kanzu au gauni refu vifupishwe ili visikanyagwe. Mizigo midogo ibebwe katika mkoba wa mgongoni, kwa kuwa mikono yote ina kazi. Wakati wa mvua, ngazi za saruji na vigae zikaushwe kwanza.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, mgonjwa aombe kufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia au mhudumu aliyepo, na ajaribu ngazi mbele yake. Akianguka baadaye, au akipata maumivu makali, uvimbe mpya au ganzi katika mguu au mkono, arudi kituoni bila kuchelewa.

Katika ofisi za umma
Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike kwa watu wenye ulemavu. Njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili yao humfaa pia aliyevunjika mguu. Pale huduma inapotolewa ghorofani na njia hiyo haipo, mkazi asione haya kuomba mtumishi ashuke amhudumie chini. Ombi hilo linaweza kupelekwa na ndugu. Ngazi ya jengo la umma iliyobomoka au isiyo na kishikio itolewe taarifa kwa Mtendaji wa Kata, ili itengenezwe kabla haijamwangusha mtu.