Gari Lipi Litafika? Magari ya Fo-wili na Matope ya Tana River

Mvua ya masika ikinyesha siku mbili mfululizo, Kaunti ya Tana River hugawanyika. Barabara ya lami inayotoka Garsen kupitia Hola hadi Madogo hubaki na usafiri wake, lakini njia za udongo zinazoelekea Wayu, Assa, Kipao na vijiji vingine vya ndani hugeuka tope. Anayeuguliwa na mtoto huko ndani, au mwenye mke aliyeshikwa na uchungu usiku, hana muda wa kubishana kuhusu magari. Hutafuta namba ya simu ya mwenye gari, hukubali bei atakayotajiwa, kisha humwomba Mungu lifike.

Bei yenyewe si ndogo, na gari likikwama kabla ya kijiji, pesa huwa zimekwenda na mgonjwa hajasogea. Ndiyo sababu inafaa mkazi ajue, kabla ya kulipa, gari gani linaweza nini. Vijana kwenye steji hushikilia kwamba Land Cruiser ndiyo mfalme, na hakosi mzee mmoja wa kuitetea Land Rover. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini ubishi huo ungefaa uanzie chini, kwenye udongo.

Udongo wenyewe

Sehemu kubwa ya bonde la Mto Tana, hasa delta na maeneo ya mashamba ya unyunyiziaji ya Bura, ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuingia. Ukipata maji huyanywa, hufura, nyufa hujifunga na maji hayapenyi tena. Juu huteleza kama sabuni. Chini yake huwa donge zito linalonata kwenye tairi mpaka mianya yote ya meno ijae na tairi libaki laini kama mpira wa kuchezea. Hapo injini iwe ya nguvu kiasi gani, magurudumu huzunguka bure. Mchanga wa upande wa Kipini ni jambo jingine kabisa: mvua huushikanisha, na gari hupita vizuri kuliko wakati wa jua. Dereva aliyezoea mchanga wa pwani asidhani amezoea matope.

Kuna swali la kuulizwa kabla ya kutaja jina la gari lolote: je, chini ya tope kuna sakafu ngumu? Mvua za kwanza hulowesha sehemu ya juu tu. Tairi jembamba lenye meno makubwa hulikata tope hilo na kushika udongo mkavu ulio chini. Baada ya wiki kadhaa za mvua sakafu hiyo haipo tena. Gari zito huzama mpaka kwenye ekseli, na linalopita ni lile jepesi au lenye tairi pana lililopunguzwa upepo. Kwa hivyo gari lililopita bila shida mwanzo wa Aprili linaweza kukwama pale pale mwezi Mei, na dereva wake asiwe na kosa lolote.

Difu

Wengi huamini kwamba fo-wili likikwama, magurudumu yote manne huwa yanazunguka. Mara nyingi huzunguka mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma. Kati ya gurudumu la kulia na la kushoto kuna difu, kifaa kinachoruhusu gurudumu moja kwenda kasi kuliko mwenzake gari linapokata kona. Kwenye lami ni baraka. Kwenye tope, mzunguko wote huishia kwenye gurudumu linaloteleza, na lile lililosimama mahali pakavu hubaki likitazama.

Dawa ya tatizo hili ni loki ya difu, inayoyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Magari mapya hutumia kompyuta: gurudumu linaloteleza hufungwa breki ili nguvu ihamie upande wa pili. Mbinu hiyo ni nzuri kwenye mawe na mashimo. Kwenye mfinyanzi, ambako magurudumu yote yanaweza kuteleza kwa wakati mmoja, husaidia kidogo, na loki ya chuma bado haina mpinzani. Mkazi anayekodi gari ana haki ya kuuliza: "Lina loki ya difu? Inafanya kazi?"

Yanapowekwa pamoja

Land Cruiser ya pikapu ni ya mfululizo wa 70 ulioanza mwaka wa 1984, na za hapa nchini huunganishwa Mombasa. Ina ekseli nzima za chuma mbele na nyuma, na injini iliyozoeleka Kenya ni ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo. Haina mbio, lakini huvuta polepole bila kuzima, na fundi wa kijijini anaielewa. Ndiyo maana polisi, mashirika ya misaada na ambulansi nyingi hutegemea familia hii ya magari. Udhaifu wake ni uzito: tupu inakaribia tani mbili, na mwenye gari huipakia bila huruma. Pia si kila moja ina loki za difu. Nyingi zina habu za mbele zinazofungwa kwa mkono, na dereva lazima ashuke azifunge kabla ya kuingia kwenye tope. Wanaokumbuka baada ya kukwama huzitafuta habu hizo kwa vidole, chini ya matope yanayofika magotini.

Land Rover Defender ya zamani, mjukuu wa Land Rover ya mwaka wa 1948, iliacha kutengenezwa Januari 2016, lakini bado zipo barabarani. Faida yake ni kwamba nguvu huenda mbele na nyuma wakati wote, hivyo hakuna habu za kusahau. Springi zake za koili huliruhusu gurudumu kushuka ndani ya shimo na kuendelea kugusa ardhi pale ambapo gari lenye springi ngumu lingeinua mguu. Ina loki ya katikati, inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja. Isichanganywe na loki ya ekseli. Kwa kutafuta njia penye mashimo makubwa, mzee wa steji ana hoja. Kwa kuamka asubuhi na kuwaka bila kwanza kuitiwa fundi, hoja hiyo hupungua. Defender mpya iliyozinduliwa mwaka wa 2019 ni gari jingine kabisa, lenye uwezo mkubwa, ila kompyuta yake haifunguliwi chini ya mwembe.

Toyota Hilux na Isuzu D-Max, hii ya pili ikiunganishwa Nairobi, ndizo pikapu ambazo mkazi ana nafasi kubwa ya kuzipata kwa kukodi. Zenye fo-wili zina gia nzito ya chini, na baadhi ya matoleo yana loki ya difu ya nyuma. Hapo ni vizuri kuangalia mambo mawili. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma na mkia wake hukimbilia mtaroni. Magunia machache ya mchanga juu ya ekseli hurekebisha. Na zile ngazi za pembeni zinazong'aa ndizo za kwanza kukwama kwenye kingo za njia iliyochimbwa na malori. Wapo pia wanaouza safari kwa pikapu isiyo na fo-wili kabisa, kwa sababu kwa nje zinafanana. Kijiti au kitufe cha fo-wili ndani ya gari ndicho ushahidi.

Suzuki Jimny huchekwa kwa udogo wake. Ina uzito wa takriban kilo 1,100, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia ya chini. Udongo ukishakosa sakafu, gari hili hupita juu ambapo kubwa limezama. Kikwazo chake ni mitaro ya malori: Jimny ni nyembamba, hivyo gurudumu moja huingia mtaroni na jingine hupanda tuta la katikati, na gari huenda limelala upande. Tena halina nafasi ya kumlaza mgonjwa. Kwa muuguzi anayepeleka chanjo, linatosha.

Subaru Forester, X-Trail na RAV4 hupeleka nguvu kwenye magurudumu manne lakini hazina gia ya chini. Siku ya mvua ya kwanza zinaweza kufika. Tope likizidi, tumbo hukaa juu ya tuta, na katika baadhi yao mfumo unaopeleka nguvu nyuma hupata joto na kujizima. Anayeahidi kufika Assa mwezi Mei kwa gari la aina hii anauza matumaini.

Kwa safari ya kubeba mgonjwa na ndugu wawili katikati ya masika, Land Cruiser yenye loki na tairi nzuri ndiyo chaguo la kwanza. Hilux au D-Max yenye loki haiko mbali nayo. Trekta huyashinda yote, kwa magurudumu yake marefu yenye meno, lakini mgonjwa hawezi kuvumilia mwendo wake.

Tairi hushinda jina

Land Cruiser yenye tairi za lami zilizoisha itaachwa na Jimny yenye tairi za matope. Upepo pia ni muhimu. Tairi lililojazwa hadi 35 kwa safari ya lami linaweza kushushwa hadi karibu 20 kwenye tope, likatandaza mguu wake na kuelea zaidi. Gari lisilobeba pampu lisishushe upepo, kwa sababu kurudi kwenye lami na tairi laini huleta joto na mpasuko.

Maji yaendayo

Tope humkwamisha mtu, maji humwua. Maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kuyasomba magari mengi, fo-wili likiwemo, maana gari likishaelea magurudumu hayana kazi. Aprili 2024 basi lilisombwa na mafuriko kwenye barabara ya kuelekea Garissa na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa. Mwishoni mwa mwezi huo mashua ilizama Kona Punda ikivusha watu baada ya barabara kufunikwa na maji, na watu wakafariki. Penye maji yaendayo, dereva asiyetaka kuvuka asishawishiwe kwa kuongezewa pesa. Msaada wa dharura hupatikana kupitia 999, 112, au nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Likikwama

Kuzidisha mafuta huchimba kaburi la gari. Dereva azime, ashuke, achimbue mbele ya magurudumu yote, aweke matawi au mbao, kisha aondoke kwa gia ya chini taratibu. Likivutwa, kamba au mnyororo ufungwe kwenye chasisi, si kwenye bampa wala kitufe cha kukokotea trela, ambacho kikikatika huruka kama risasi. Watoto hupenda kusogea kutazama. Warudishwe mbali zaidi ya urefu wa kamba.

Na mitaro inayoachwa na gari lililolazimisha njia hukauka ngumu kama saruji. Greda haiwezi kuingia mpaka udongo ukauke, kwa hivyo mitaro hiyo hubaki ikiwasumbua wanabodaboda na mikokoteni ya punda kwa wiki nyingi. Mahali ambapo wazee wamefunga njia kwa miba baada ya mvua kubwa, mara nyingi siku mbili za jua zinatosha ifunguliwe tena.

Gari likitoka salama hadi kwenye lami, fo-wili na loki zitolewe, habu zifunguliwe, upepo urudishwe, na breki zikanyagwe mara kadhaa kwa mwendo mdogo. Mfinyanzi ukikaukia ndani ya breki, gari lililoshinda matope yote ya Assa linaweza kukosa kusimama mbele ya ng'ombe pale Minjila.