Kulala Chumba Kimoja na Wageni: Tuambiane Mapema

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa Juni familia nyingi za parokia zetu huwa njiani. Kwaya zinatembeleana, akina mama wa WAWATA wanakwenda semina, vijana wana makongamano yao, na wengine wanakwenda kuhiji Namugongo nchini Uganda kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Wachache wetu tuna fedha ya kulipia chumba cha peke yetu. Tunalala hosteli: vitanda kumi au ishirini katika chumba kimoja, bafu moja, choo kimoja, na watu ambao jana yake hatukuwafahamu. Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya namna ya kuishi katika vyumba hivyo bila kuumizana wala kuambukizana.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka 2011 tulisafiri pamoja na wanakwaya, na njiani tukalala katika hosteli moja yenye vitanda vya ghorofa, hivi ambavyo wanafunzi huviita dabodeka. Tulifika saa tano usiku, tumechoka. Akina mama tukachukua vitanda vya chini, mabinti wakapanda juu. Ndiyo desturi yetu, mdogo humpisha mkubwa, na hakuna aliyeuliza neno. Saa tisa usiku tukasikia kishindo. Binti mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa sakafuni, mwili unakakamaa na kutetemeka, povu limemtoka mdomoni. Kilikuwa kifafa. Nusu ya chumba walikimbilia mlangoni, na mama mmoja akaja na kijiko akitaka kumtia mdomoni. Binti alikuwa amevunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani.

Asubuhi, mkono ukiwa umeshafungwa, tulimwuliza kwa nini hakusema. "Mama, vidonge niliviacha nyumbani makusudi," alijibu. "Niliogopa wenzangu wakiviona hawatakubali kulala karibu nami."

Sisi tulikuwa tumelala kitanda cha chini yake, na uuguzi wetu wote wa miaka mingi. Hatukumwuliza.

Tangu siku hiyo tunawaambia viongozi wa misafara jambo moja: kupanga vitanda ni kazi ya afya, si ya umri peke yake. Kabla ya kuondoka, kiongozi azungumze na kila msafiri faraghani. Tunasema faraghani, si kwa kunyoosha mikono mbele ya kwaya nzima. Amwulize kama ana kifafa, kisukari, pumu au shinikizo la damu, kama ni mjamzito, kama hutembea usingizini. Mwenye kifafa alale chini, mbali na ukingo wa saruji, hata kama ana miaka kumi na saba na bibi wa miaka sitini bado anaweza kupanda ngazi. Mtoto chini ya miaka sita asilazwe juu kabisa. Anayeamka mara nyingi usiku kwenda haja awe karibu na mlango. Na mzazi ambaye mtoto wake bado hukojoa kitandani abebe kipande cha turubai cha kutandika chini ya shuka, aseme na msimamizi mapema kwa sauti ya chini, na mambo yaishe hapo.

Kuhusu kifafa, wengi bado wanaamini kwamba lile povu huambukiza. Haliambukizi hata kidogo. Kule Mahenge, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa mwaka 1960, alikuta wagonjwa wametengwa na jamaa zao kwa hofu hiyohiyo, na wengine walikuwa wameungua kwa sababu waliangukia motoni. Mtu akipatwa, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu chochote mdomoni. Mtetemo ukipungua mgeuze alale ubavu. Ukipita dakika tano bila kukoma, apelekwe hospitali. Jueni pia kwamba kukosa usingizi na kuruka dozi huchokoza kifafa, na safari ya usiku huleta yote mawili. Kwa hiyo dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya basi.

Kikohozi nacho hufichwa. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kabla ya safari. Vipimo na dawa za kifua kikuu nchini Tanzania hutolewa bure. Ugonjwa huu hauenezwi kwa sahani wala kwa shuka, bali kwa hewa tunayovuta pamoja usiku kucha. Ndiyo maana tunaomba madirisha yaachwe wazi hata kama ni baridi. Jifunikeni blanketi mbili. Tena, tafadhalini sana, msiingize jiko la mkaa chumbani kuota moto. Mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Kwenye joto, dirisha wazi ni mlango wa mbu. Tumieni chandarua chenye dawa, na kama hosteli haina, bebeni cha kwenu. Ndugu zetu wa nyanda za juu zenye baridi wanaposhuka mabondeni ndio husahau jambo hili, kisha wanarudi na malaria.

Sasa kunguni. Hawa hawajulikani kueneza ugonjwa, lakini humnyima mtu usingizi na humfuata hadi kwake. Ukifika, usitupe begi kitandani. Liweke juu ya kiti, kisha funua shuka utazame mishono ya godoro na nyufa za mbao kwa tochi. Ukiona vidoadoa vyeusi kama wino, mwite msimamizi, zungumza naye kwa adabu bila kupiga kelele ukumbini, omba kitanda kingine. Msimamizi mwenye busara atakushukuru.

Adabu nyingine mnazijua, ila uchovu hutusahaulisha. Salimia waliotangulia. Usilalie kitanda chenye kanga ya mwenzako. Oga ukiwa na kandambili, maana fangasi za miguu hupenda sakafu za bafu, na taulo usiazime. Taulo za hedhi zifungwe kwenye karatasi na kutupwa kwenye pipa, zisiingie chooni. Chakula kisilale chumbani, panya wana pua. Simu izimwe mlio. Na sisi watu wa sala tujirekebishe hapa: rozari ya sauti saa tano na nusu usiku, wengine wakiwa wamelala, isaliwe nje au moyoni. Tumewahi kumwona mama mmoja Mwislamu, mgeni wetu chumbani, akivumilia mafumbo yote matano bila kusema neno. Alfajiri alitoka kwenda kusali kwa kunyata asimwamshe mtu. Tuliona haya.

Mkirudi nyumbani, mabegi yafunguliwe uani. Nguo zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya moto sana, nyingine zipigwe pasi hasa kwenye mishono. Jua peke yake halitoshi, kwa kuwa kunguni hujificha na anaweza kukaa miezi kadhaa bila chakula. Visivyofulika vikaguliwe kimoja kimoja kwenye mwanga.

Upele ni tofauti. Kwa mtu ambaye hajawahi kuupata, muwasho huanza wiki mbili hadi sita baada ya kuambukizwa, wakati safari imekwisha sahaulika. Mkiona mtu anajikuna usiku, vipele vipo katikati ya vidole, kiunoni au makwapani, msimlete peke yake. Njooni zahanati familia nzima siku moja, hata wasiowashwa, kwa sababu dawa ya BBE ikipakwa kwa mmoja tu, wengine watamrudishia wadudu kabla ya mwezi kwisha. Shuka na nguo za siku zile zifuliwe kwa maji ya moto. Visivyofulika vifungwe ndani ya ndoo yenye mfuniko kwa siku saba, maana mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Na mtaje hosteli mliyolala, ili tuwapelekee habari wenzenu waliolala nanyi.