Ngoma Ivumayo Haikawii Kupasuka

Msomaji aliyelelewa Mombasa huenda amewahi kumsikia bibi au babu yake akitaja Kingi na Scotchi, vile vyama viwili vya beni vilivyokuwa vikishindana kwa ngoma, matarumbeta na mavazi ya kiaskari zama za ukoloni. Vilikuwa na wakubwa wenye vyeo, na ushindani wao uliwatia watu katika gharama kubwa za karamu na mapambo. Beni ile imekwisha. Lakini huko Marekani ungaliko mchezo unaofanana nao sana, na mkasa wake una mafunzo kwa kila mtu aliyekabidhiwa watoto wa wenziwe.

Wamarekani wana vikosi vya vijana vya ngoma na matarumbeta. Kila kiangazi vijana hao, ambao wengi hawajapita miaka 21, husafiri kwa mabasi kutoka mji hadi mji. Mchana hufanya mazoezi juani saa nyingi, jioni huingia uwanjani kushindana, na usiku hulala ndani ya basi au sakafuni katika kumbi za shule. Mwezi wa Agosti hukutana Indianapolis, na huko ndiko bingwa hujulikana.

Asili yake ni askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vya askari hao wastaafu vilianzisha mashindano tangu miaka ya 1920, navyo ndivyo vilivyoweka kanuni na kuchagua waamuzi. Kikosi kilikuwa mali ya mtaa. Kilifadhiliwa na chama cha wastaafu, kanisa au maskauti wa pale pale, na mtoto wa maskini aliweza kuingia bila ya baba yake kuuza kitu.

WALIJIKOMBOA

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 viongozi wa vikosi walikuwa wamechoka. Walinung'unika kwamba wao ndio wanaojaza viwanja, lakini wengine ndio wanaopanga kanuni na malipo. Ndipo wakaungana na kuunda shirika lao wenyewe, Drum Corps International. Mwaka 1972 walifanya mashindano yao ya kwanza ya ubingwa huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakatwaa ushindi.

Uhuru huo ulileta neema. Muziki ulipanda daraja, na umaarufu wa vikosi ukaenea mbali. Lakini gharama nazo zilipanda. Mabasi, malori ya jikoni, walimu wa kulipwa na mavazi mapya kila mwaka si mzigo wa mtaa mmoja. Vikosi vilivyokuwa mamia vikapungua mpaka vikabaki makumi tu. Siku hizi kijana hulipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja, na vikosi vingine hutegemea mapato ya bingo, mchezo ambao kwetu ungeitwa kamari bila ya kumung'unya maneno.

Mwaka 2010 vikosi saba vikubwa vilitoa waraka vikitaka sauti zaidi katika uendeshaji wa shirika na fungu kubwa zaidi la mapato. Vilivyobaki vilikataa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba waliomwondoa bwana wa zamani walikuwa wanakaribia kugombea kiti chake.

AIBU YA 2018

Lakini ugomvi wa fedha si kitu mbele ya yaliyofuata. Mwezi wa Aprili 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer lilichapisha madai ya wanawake tisa dhidi ya mkurugenzi wa miaka mingi wa kikosi cha Cadets, kwamba aliwadhalilisha kijinsia. Mkurugenzi alijiuzulu, na bodi yake nayo ikaondoka. Cadets si kikosi cha juzi. Kiliundwa mwaka 1934 huko New Jersey, na kilitwaa ubingwa wa shirika hilo mara kumi.

Swali likawa moja: bodi ilikuwa wapi? Mtu mmoja anaposhika uongozi kwa zaidi ya miaka thelathini, akaleta vikombe, ni nani atakayethubutu kumwuliza? Vikombe vikageuka pazia.

Baada ya hapo shirika lilikaza kanuni za kuwalinda vijana, ikiwa ni pamoja na kuchunguza mwenendo wa watumishi na kuweka njia ya mtu kutoa malalamiko yake. Hatua hizo ni njema, lakini deni la zamani halikufutika. Januari 2024, ikielemewa na gharama za kesi iliyohusu mambo ya miaka ya 1980, Cadets ilitangaza kufungwa, mwaka ule ule ambao ingetimiza miaka 90. Kabla ya hapo, Santa Clara Vanguard, mabingwa wa mwaka 2018, walishindwa kwenda msimu wa 2023 kwa upungufu wa fedha. Hao, kwa bahati njema, walirejea mwaka 2024.

Mchezo wenyewe haujafa. Vijana wangali wanaupenda, na viwanja vingali vinajaa. Lakini ngoma haipasuliwi na mpigaji peke yake. Aghalabu hupasuliwa na wenye kuishika, wanapokuwa hawana wa kuwauliza.

Huku pwani hatuna uwanja wa Indianapolis, lakini tuna timu za mpira, vikundi vya taarabu, vya kasida na vya maulidi, vyote vimejaa watoto wetu. Mzazi amjuaye mwalimu wa mwanawe kwa kombe alilolileta tu, hajamjua bado. Naamuulize hesabu ziko kwa nani, watoto hulala wapi wakisafiri, na mtoto akidhulumiwa amwendee nani. Asiyependa kuulizwa hayo, basi na asikabidhiwe amana.