Je, Wajua? Sigara Ilivyotolewa Nje ya Baa

Nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji sigara ndani ya sehemu za kazi kote nchini, baa zikiwemo, ni Ireland, tarehe 29 Machi 2004. Wenye baa walilalamika sana. Lakini Waziri wa Afya, Micheál Martin, hakuwa na nia ya kumwadhibu mlevi na sigara yake; aliyelindwa ni mhudumu, ambaye zamu nzima alivuta moshi asioulipia. Faini ilifika euro 3,000. Magereza na vyumba vya hoteli havikuguswa.

Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2007, ikaongeza sharti: pakiti isipungue sigara 10. Nenda kibandani uone zinavyouzwa moja moja!