Mikono ya Moto, Paji la Baridi

Kipandauso changu hutanguliwa na mwanga. Kabla kichwa hakijaanza kugonga, huona mstari unaometameta pembeni mwa jicho, wenye ncha kama meno ya msumeno, na kwa takriban nusu saa siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwa fundi cherehani hiyo ni kazi kusimama. Basi nusu hiyo ya saa naitumia kujihipnotisha.

Nakaa chini, mgongo ukutani. Nakazia macho kifungo kimoja, navuta pumzi na kuitoa polepole mpaka kope zinakuwa nzito zenyewe. Nahesabu kutoka kumi kurudi moja, huku najiona niko ufukweni Raskazone, jua la adhuhuri, viganja nimevizika mchangani. Vidole hupata joto kwelikweli. Hapo najiambia kimoyomoyo: mikono ina moto, paji la uso lina baridi. Maagizo ya namna hiyo, ya joto mikononi na ubaridi usoni, daktari Mjerumani Johannes Schultz aliyaeleza kitabuni mwaka 1932.

Jirani aliniuliza kama napandisha majini. La hasha. Silali wala sipotewi na akili, ukiniita naitika. Ni kuyakusanya mawazo yote mahali pamoja, hata maumivu yakose pa kukaa kwa raha.

Mwaka 1987, nchini Marekani, Karen Olness na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 28 wa miaka 6 hadi 12 wenye kipandauso. Kwa miezi mitatu ya vidonge visivyo na dawa, kila mtoto aliumwa wastani wa mara 13.3, kwa miezi mitatu ya dawa ya propranolol, mara 14.9, na kwa mitatu mingine walipofundishwa kujihipnotisha, mara 5.8. Ukali wa maumivu yenyewe haukupungua. Walipata siku nyingi zaidi za kucheza, lakini kichwa kilipouma, kiliuma.

Ndiyo maana dawa za daktari sijaziacha. Na maumivu yakikuvamia ghafla kwa ukali usiowahi kuujua, au yakaja na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea, kimbilia hospitali.

Ninachowasihi wagonjwa wenzangu ni kufanya mazoezi siku ambazo kichwa ni kizima. Mimi hufanya dakika chache baada ya sala ya alfajiri, kabla wateja hawajaanza kubisha hodi. Anayengoja maumivu yapande ndipo ajaribu kwa mara ya kwanza, namwonea huruma sana, kwani saa hiyo hata kuhesabu kumi humshinda mtu.