Pampu Inayojisemea Ikiharibika



Hebu tuanze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikitembelea kikundi kimoja cha akina mama katika sehemu kavu. Pampu yao ya mkono ilikuwa imekaa miezi mitano bila kutoa maji. Nikauliza kama fundi amejulishwa. Mwenyekiti akasema kazi hiyo alimwachia katibu. Katibu akasema alidhani mweka hazina amekwenda mjini. Mweka hazina naye akasema hakupewa nauli. Nilipomfikia fundi akaniambia, "Mama, mimi hakuna mtu aliyeniambia."

Kilichoharibika kilikuwa mpira wa pistoni, kitu kidogo tu. Lakini kwa miezi hiyo mitano akina mama walirudi kuchota kwenye mashimo ya mchangani, mahali pamoja na ng'ombe na punda, na watoto wakaugua tumbo.

Mnaona basi? Pampu ile haikukosa fundi, wala haikukosa spea. Ilikosa wa kuisemea. Leo tutazungumza juu ya kifaa kinachoweza kuisemea.

Kihisi ni kitu gani?

Kifaa hicho kinaitwa kihisi. Wengine husema sensa, lakini si ile ya kuhesabu watu! Kihisi ni kitu kinachohisi badiliko fulani, kama vile joto, mwendo, uzito au mwangaza, halafu kinatoa ishara.

Msifikiri ni jambo geni. Pasi ya umeme ina kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa. Joto likizidi, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda na kukata umeme. Bila hicho, nguo zingeungua kila siku.

Mfano mwingine mnauona kliniki. Mkipeleka mtoto kwa chanjo, angalieni kibandiko kwenye kichupa cha dawa. Kina duara, na ndani yake mraba wenye rangi nyepesi. Dawa ikikaa kwenye joto, mraba unazidi kuwa mweusi. Ukilingana na duara au kulipita, dawa hiyo haitumiki. Vibandiko hivi vilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio. Havina betri wala waya, na hata asiyejua kusoma anaweza kuvielewa.

Mpini unaotuma ujumbe

Sasa turudi kwenye pampu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walijiuliza: pampu ya mkono ikifanya kazi, ni nini kinachotingishika? Ni mpini. Basi wakatengeneza kifaa kidogo cha kuwekwa ndani ya mpini. Ndani yake mna kihisi cha mwendo, wa aina ile ile iliyo katika simu za kisasa, inayofanya picha igeuke ukilaza simu.

Mpini ukipanda na kushuka, kihisi kinahesabu. Kifaa kinatuma hesabu hiyo kwa mtandao wa simu, kama unavyotuma ujumbe mfupi. Aliye ofisini anaweza kukadiria ni maji kiasi gani yametoka saa ile. Na pampu iliyokuwa ikitumika sana ikinyamaza ghafula, anajua kuna jambo, hata kama hakuna mtu aliyepanda matatu kwenda kumwambia.

Jaribio kubwa lilifanyika hapa kwetu, Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, mwaka 2013, kwa pampu zaidi ya 60. Kabla ya jaribio, pampu ikiharibika ilichukua wastani wa siku 27 kutengenezwa. Wakati wa jaribio zilikuwa chini ya siku 3. Hebu mama mwenye watoto afikirie tofauti hiyo: wiki nne za kwenda mtoni, au siku mbili tatu.

Baada ya hapo ilianzishwa kampuni ndogo ya matengenezo, FundiFix, Kitui na Kwale. Huko vikundi hulipa ada kidogo kidogo kabla pampu haijaharibika, nayo kampuni huahidi kufika haraka. Watafiti hao waligundua pia, katika kazi yao ya Kwale iliyochapishwa mwaka 2017, kwamba mtikisiko wa mpini hubadilika kufuatana na kina cha maji. Maana yake mpini unaweza kudokeza hata kama maji yanashuka kisimani.

Majirani zetu wa Rwanda

Huko Rwanda nako vihisi vilifungwa kwenye pampu 181, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Huko walilinganisha mafungu matatu. Katika fungu la kwanza mambo yaliachwa yaende kama kawaida, na nusu ya matengenezo yalichukua zaidi ya siku 152. Fungu la pili lilikuwa na mafundi waliopangiwa zamu za kuzunguka, na hapo zilikuwa siku 57. Fungu la tatu lilikuwa na mafundi walioitwa na habari za vihisi, kama ambulansi inavyoitwa. Siku zikashuka hadi 21.

Angalieni vizuri hilo fungu la pili. Fundi hakuwa akiitwa na kihisi. Alikuwa na ratiba tu, na akaifuata. Hilo peke yake lilipunguza zaidi ya siku 90! Basi hata kikundi kisicho na pesa za vifaa kina la kufanya.

Kihisi hakifungi nati

Tuseme ukweli, tusije tukadanganyika. Kihisi kinasema tu mpini umenyamaza. Hakisemi kwa nini. Pengine mvua imenyesha na watu wanatumia maji ya mabati. Pengine wafugaji wamehama. Ni lazima mtu apige simu na kuuliza.

Pili, betri huisha, na mahali pengine mtandao haushiki. Tatu, na hili ndilo kubwa, habari bila fundi, bila spea na bila pesa ni kelele tu. Kule Kyuso pampu hazikutengenezwa na kihisi. Zilitengenezwa na watu waliokuwa tayari kuondoka mara wapatapo habari.

Kihisi cha daftari

Kikundi chenu kinaweza kuanza wiki hii kwa daftari, kalamu na simu moja.

1. Pampu ikiwa nzima, hesabuni ni mipigo mingapi inajaza mtungi wa lita 20. Andikeni. Rudieni kila mwezi, mpigaji akiinua na kushusha mpini mpaka mwisho. Idadi ikizidi kupanda, mpira wa pistoni unachakaa. Msingoje mpaka ukatike.

2. Pigeni mpaka maji yatoke vizuri, halafu acheni pampu ipumzike dakika 30. Pigeni tena. Ikichukua zaidi ya mipigo 5 kabla maji hayajatoka, kuna mahali yanavuja, ama vali ya chini ama bomba. Mwiteni fundi.

3. Chagueni mtu mmoja wa wiki. Jina lake liandikwe mahali wote wanapoliona. Huyo ndiye mwenye kupiga simu, si mwingine. Kazi ya kila mtu huwa si kazi ya mtu yeyote.

4. Kubalianeni: pampu ikikosa kutoa maji, fundi ajulishwe siku hiyo hiyo. Saa ya kupiga simu iandikwe, na saa aliyofika iandikwe. Mkikutana mwisho wa mwezi, daftari litasema nani alichelewa, bila ugomvi na bila kusingiziana.

5. Wekeni pesa za spea kando kabla ya shida, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote.

Kile kikundi nilichokisimulia mwanzoni kilifanya hivyo. Daftari lao lina mikunjo na alama za vidole vyenye maji, lakini pampu haijalala tena zaidi ya wiki moja. Siku moja mama mmoja mzee asiyejua kusoma aliniambia kwamba yeye husikiliza. Asubuhi, kabla maji hayajatoka, anahesabu mipigo kwa moyo. Ikizidi anamtuma mjukuu kwa mtu wa wiki. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiwe kihisi chetu!"

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Pampu yetu ilipoharibika mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi? Siku hizo zilipotea wapi: kwa habari, kwa pesa, au kwa fundi?
- Ni nani aliyeumia zaidi siku hizo? Je, huyo yumo katika kamati ya maji?
- Leo pampu ikinyamaza, ni nani atakayepiga simu? Namba ya fundi anayo?

Kama hamna jibu la swali hilo la mwisho, msiufunge mkutano kabla hamjalipata.