Waya Umetoka, Kazi Ndiyo Kwanza

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, mwezi wa kumi kuingia wa kumi na moja, napata wageni wa namna moja. Kijana anakaa kwenye kiti, anafungua zipu ya begi la kompyuta, anatoa kitu kilichoviringishwa kwenye tishu. "Dokta, shikamoo. Hii haiingii tena." Ni riteina, kile kifuniko cha plastiki angavu alichopewa siku tulipomvua waya. Naijaribu. Kulia inakaa, kushoto inaelea juu ya meno kama mfuniko wa sufuria nyingine. Namuuliza mara ya mwisho aliivaa lini. Anatazama dari kwanza. Julai alikwenda fildi Sumbawanga, wiki nane. Riteina ilibaki hosteli, ndani ya ndoo, chini ya viatu.

Simfokei. Mimi mwenyewe nilivaa waya nikiwa mwaka wa pili, tena nikisomea udaktari wa meno, na riteina yangu ya kwanza iliishia kwa mama ntilie. Niliivua ili nile samaki, nikaifunga kwenye tishu pembeni ya sahani kwa kuona haya kuiweka wazi mezani. Nikala, nikalipa, nikaondoka. Niliporudi mbio baada ya robo saa, meza ilishafutwa, na mifupa, tishu na riteina vyote vimemwagwa nyuma ya banda, paka wanagombania. Nikakaa miezi mitano bila nyingine, nikijiambia nasubiri bumu. Jino langu moja la chini mbele limegeuka kidogo mpaka leo, kama mtu anayetegea sikio maongezi ya meza ya jirani. Wagonjwa wangu huwa nawaonyesha.

Kuelewa kwa nini lilirudi, tuingie kidogo mfupani. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyingi ndogo, mfano wa kitanda cha kamba, na nafasi kati ya mzizi na mfupa ni kama moja ya tano ya milimita. Waya unaposukuma jino, upande unaobanwa huamsha seli zinazokula mfupa. Upande wa pili, ambako nyuzi zimevutwa, huja seli nyingine zinazojenga mfupa mpya. Jino linahama pamoja na tundu lake, mwendo wa kama milimita moja kwa mwezi.

Mwendo huo wanafunzi hawaupendi. "Dokta, kaza, nina mahafali Novemba." Nikikaza kupita kiasi, nyuzi za upande unaobanwa hukosa damu na kufa. Mwili hauwezi kuendelea na kazi mpaka uondoe mabaki hayo, na wakati huo jino limesimama palepale wiki mbili, tatu, pengine zaidi, linauma tu. Nguvu ikizidi kwa muda mrefu, ncha ya mzizi nayo huanza kuliwa, na mzizi uliofupika haurefuki tena. Hapa nguvu ndogo inawahi kufika kuliko nguvu kubwa.

Waya wa kwanza tunaoufunga ni mwembamba sana na una tabia ya ajabu: ukiukunja, hurudi wenyewe kwenye umbo lake. Ni mchanganyiko wa nikeli na titani uliogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na jina lake, Nitinol, limebeba herufi za maabara hiyo. Katika miaka ya 1970 daktari mmoja wa Marekani, George Andreasen, aliuingiza kwenye meno. Aina nyingine ya waya huo hulegea ukipoa na kukaza ukipata joto la mdomo, ndiyo maana siku mbili za mwanzo, maumivu yanapokuwa makali, glasi ya maji baridi hutuliza kweli. Parasetamoli hufaa pia. Ikifika wiki, wengi wameshasahau, isipokuwa pale ncha ya waya inapochoma shavu. Hapo weka nta uliyopewa kliniki, au isukume ncha taratibu kwa kifutio safi cha penseli. Kikata kucha kiache kwenye kucha.

Matibabu ya kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na unaonekana kliniki kila baada ya wiki nne hadi nane. Sasa chukua kalenda ya chuo. Shahada nyingi ni miaka mitatu, na katikati yake kuna likizo, fildi na mitihani. Anayefunga waya mwanzoni mwa mwaka wa kwanza anaweza kuuvua akiwa bado yuko mji uleule, akapata na miezi kadhaa ya kufuatiliwa riteina. Anayefunga mwaka wa tatu atahitimu na waya mdomoni, apangiwe kazi mkoa mwingine, kisha aanze kutafuta daktari wa kumalizia kazi ya mwenzake. Hakuna fundi anayependa kumalizia nyumba iliyoanzwa na fundi mwingine, na sisi ni hivyohivyo. Mwaka wa tatu huwa nawaambia wasubiri, hata kama wameshika fedha mkononi. Na kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, uliza swali ambalo wengi hulisahau: bei hii ni pamoja na riteina, au riteina ni bei yake? Nimeona wengi walioishiwa fedha siku ile waya ulipotoka.

Kuhusu chakula, wanaokuja na daftari wakitaka orodha ya vilivyokatazwa nawaangusha. Nina swali moja tu: unaking'ata kwa meno ya mbele au unakikata kwa kisu? Hindi la kuchoma lipukuchue kwa kidole, punje kwa punje. Embe bichi likatwe vipande. Muwa, agana nao mpaka siku ya kufunguliwa. Lakini kinachonibandulia breketi, vile vibati vidogo vilivyogandishwa juu ya meno, kuliko nyama na mahindi ni zile barafu za kwenye mfuko ambazo watu huzitafuna badala ya kuzinyonya. Kila breketi inayobanduka hurudisha jino nyuma wiki kadhaa. Na ukichagua vipira vya kufungia waya vya rangi ya uwazi ili visionekane, mchuzi mmoja wenye manjano utavitia umanjano mpaka miadi ijayo. Chagua kijivu.

Ubuyu naupa aya yake. Mwanafunzi anaweka pakiti kando ya kompyuta usiku wa kusomea mtihani, anamumunya kokwa moja baada ya nyingine kwa saa tatu. Kila sukari inapoingia, vijidudu vya kwenye ukoga hutengeneza asidi, na meno hukaa ndani ya asidi hiyo kama nusu saa kabla mate hayajaituliza. Kokwa inayofuata inaanzisha upya. Tena ubuyu wenyewe ni mchachu. Kwa meno yenye breketi, ambako ukoga una vichochoro vya kujificha, wiki nne za namna hiyo zinatosha kuacha alama nyeupe kama chokaa. Alama hizo huonekana vizuri zaidi siku ya kuvua: meno yamenyooka kama mstari, na kila moja lina mraba safi katikati uliozungukwa na ukungu mweupe. Ni huzuni kubwa kumshikia mtu kioo siku hiyo. Dawa yake ni mswaki baada ya mlo, dawa ya meno yenye floridi, na brashi ndogo ya kupita chini ya waya. Mswaki wa mti nao unasafisha, ila hauingii chini ya waya, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Wanafunzi waliokulia Arusha na miteremko ya Meru huniuliza kama waya utaondoa rangi ya kahawia ya meno yao. Hapana. Rangi ile ilitokana na floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni, jino likiwa bado linajengwa. Wanaweza kufungwa waya kama wengine, ingawa gundi hushika kwa taabu zaidi kwenye meno hayo.

Kisha kuna mwanya. Vitabu tulivyosomea viliandikwa Ulaya na Marekani, na humo mwanya wa meno ya mbele juu umewekwa kwenye sura ya kasoro. Huku kwetu watu huusifia, na wapo wanaokuja kuniomba niwatengenezee. Mama mmoja alimsindikiza binti yake, akaniambia binti akiwepo: "Dokta, yapange yote, ila mwanya mwachie. Ni wa bibi yake." Binti alikuwa amekuja kuuziba. Nikawaacha nje wazungumze. Waliporudi walikuwa wamekubaliana upunguzwe, usizibwe. Inawezekana kabisa, mradi uamuzi ufanyike mapema, kwa sababu mwanya ni mbishi: ukiuziba hutaka kufunguka tena, na mara nyingi tunagandisha kijiwaya chembamba nyuma ya meno hayo mawili kikae miaka.

Ninachokiogopa ni wanaouziba wenyewe kwa raba ya kufungia noti, baada ya kuona video ya mtu aliyefanikiwa kwa wiki mbili. Mzizi wa jino la mbele umechongoka kama karoti. Raba ikishapita shingo ya jino huteleza yenyewe kuelekea kwenye ncha, ndani ya ufizi, ikikata zile nyuzi moja baada ya nyingine. Mwenyewe hudhani imekatika akaimeza. Kwenye picha ya eksirei raba haionekani. Baada ya miezi meno mawili mazima, yasiyo na tundu hata moja, yanacheza mdomoni, na wapo waliokwisha kuyapoteza.

Turudi kwa kijana wetu wa Sumbawanga. Waya ukishatoka, nyuzi za ndani ya tundu huhitaji miezi mitatu au minne kujipanga upya. Nyuzi za ufizi zinazoshika shingo ya jino ni wabishi zaidi, hukaa zimevutika kama lastiki zaidi ya mwaka mzima, hasa kwa jino lililokuwa limegeuka. Muda wote huo zinavuta kurudi zilikotoka. Riteina kazi yake ni kulishikilia jino mpaka nyuzi zichoke. Ndiyo sababu huvaliwa usiku na mchana miezi ya mwanzo, kuvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na baadaye kila usiku.

Mpaka lini? Swali hilo huulizwa kwa sauti ya mtu anayetarajia kupunguziwa. Mwaka 1988 Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha habari za watu waliopangwa meno baada ya kung'olewa magego madogo, wakapimwa hadi miaka 20 tangu waache riteina. Wale ambao meno yao ya chini mbele bado yalikubalika kwa mpangilio walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Sehemu ya mabadiliko hayo hata si kosa la waya. Meno ya chini hubanana kadiri umri unavyosogea, hata kwa ambaye hajawahi kukanyaga kliniki. Magego ya mwisho yanasingiziwa sana katika hili, na utafiti mwingi hauyatii hatiani. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: kila usiku, kwa muda wote unaotaka meno yabaki yalivyo.

Wapo wanaopewa ile riteina ya zamani, kipande cha plastiki ngumu kinachofunika kaakaa na waya mmoja mbele, aliyoieleza Charles Hawley wa Marekani mwaka 1919. Ni imara, ila siku za mwanzo ulimi hukosa pa kugusa. "Sisi" inakuwa "thithi", na "dhahabu" haijulikani imekwenda wapi. Kama una wasilisho darasani Jumatatu, jifungie chumbani Jumamosi na gazeti, soma kwa sauti kurasa mbili, kesho yake mbili tena. Ulimi hujifunza haraka kuliko mwenye ulimi. Ya plastiki angavu haikusumbui hivyo, lakini haitaki moto: ukiisuuza kwa maji ya kuchemsha, ukinywa chai nayo mdomoni au ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani, itajikunja na haitarudi. Maji baridi, sabuni kidogo na brashi laini, basi.

Kijana nilimwekea uchaguzi wa mambo mawili. Kufunga tena waya miezi michache na kulirudisha jino lile moja, au kuchukua kipimo kipya na kuyashikilia meno hapo yalipofika. Alijitazama kiooni muda mrefu, akakenua, akafumba, akachagua la pili. Kosa lake lilikuwa dogo, mimi tu na yeye ndio tungeliona. Alipokuja kuchukua riteina mpya, akaanza kupapasa mfuko wa suruali akitafuta tishu. Nikamzuia, nikafungua droo. Huwa naweka humo visanduku vya sabuni vya kusafiria, vile vya plastiki vyenye matundu chini, nanunua dazeni kwa mpigo. Kimoja ni chake. Aliuliza kama kuna cha rangi nyeusi.